Futi 20 nyuma ya ghala: jinsi jiji linavyopata ardhi ya watu kurefusha njia ya miguu na baiskeli

Fungua ramani ya njia za miguu na baiskeli ya karibu jiji lolote la Marekani. Utaona mstari wa kijani ukienda vizuri kando ya mto au juu ya tuta la reli ya zamani, kisha ghafla unageuka nukta nukta. Ule wa kijani ulipita kwenye ardhi ambayo jiji lilikuwa nayo tayari, au iliyonunuliwa kwa mkupuo mmoja. Atlanta ilipata upande wa kusini wa BeltLine, mzunguko wake wa njia za miguu na baiskeli, mwaka 2018 kwa kununua maili 4.5 za njia ya reli kutoka kampuni ya CSX: muuzaji mmoja, mkataba mmoja. Penye nukta nukta yuko mwenye ghala, mwenye yadi ya magari, umoja wa wamiliki wa ghorofa, na kiwanja cha urithi ambacho jina lililo kwenye hati ni la mtu aliyezikwa zamani. Makala hii inawahusu hao.

Kosa la kwanza hufanyika kabla mwenye ardhi hajabishiwa hodi, nalo ni kuomba upana usiotosha. Mchoro unaonyesha njia ya futi 10, kama mita 3, basi mtu wa mipango anaandika futi 12 na kujiona ameacha nafasi. Lakini futi 10 ni lami peke yake. Kila upande unahitaji angalau futi 2 za ukingo uliosawazishwa, usio na nguzo wala kisiki, ili anayetoka nje ya lami asivunjike. Hapo tumefika 14. Bado mtaro wa maji, bado uzio, bado mahali pa kusimamisha taa. Ardhi ikiwa na mteremko hesabu inapanda haraka: tuta lenye kimo cha futi 3, likilazwa kwa mwinamo wa futi 3 za mlalo kwa kila futi 1 ya wima, linakula futi 9 upande mmoja tu. Unaweza kulikwepa kwa ukuta wa kuzuia udongo, ila ukuta huo mara nyingi unagharimu kuliko ardhi uliyoogopa kuiomba. Njia yenyewe isizidi mwinamo wa asilimia 5 kwa urefu na 2 kwa upana, maana lazima mwenye kiti cha magurudumu apite. Masharti hayo huisukuma njia kwenye mizunguko ambayo haikuwa kwenye mchoro wa kwanza.

Kwa tambarare, basi, futi 20 ndiyo namba ya kuanzia. Penye mteremko ni 30. Juu yake ongeza ukanda wa muda wa futi 10 hadi 15 kwa ajili ya mashine na vifusi wakati wa ujenzi. Fanya usanifu hadi robo au theluthi hivi kabla ya kuchora mpaka wa kununua. Kurudi kwa mtu yule yule mara ya pili kumwomba futi 4 zaidi ni aibu, na bei ya hizo nne haitafanana na ya zile za kwanza.

Swali linalofuata linaamua maisha yote ya njia: jiji linanunua nini hasa? Kuna umiliki kamili, kuna haki ya kupita ya kudumu, na kuna kibali tu.

Kibali ndicho wenye mali wakubwa hupenda kutoa, hasa kampuni za reli na za umeme. Barua ina ukurasa mmoja au miwili, haina malipo au ina malipo kidogo, na chini kabisa imeandikwa kwamba kinaweza kufutwa kwa notisi ya siku 30. Diwani anafurahi, picha zinapigwa. Usimwage lami ya mamilioni juu ya karatasi ya siku 30. Kibali kinafaa kwa njia ya changarawe ya majaribio au kwa kupitisha watu wakati daraja linakarabatiwa. Zaidi ya hapo ni kamari. Isitoshe, wafadhili wengi hawatatoa fedha za ujenzi kama jiji haliwezi kuonyesha kwamba litakuwa pale kwa miaka mingi.

Haki ya kupita ya kudumu ni kitu kizuri ikiandikwa na mtu makini. Mwenye ardhi anabaki na kiwanja chake, anaendelea kuhesabu eneo lake lote kwenye masharti ya ujenzi, na jiji linalipa chini ya bei ya umiliki kamili. Ubaya wake uko kwenye maneno. Hati inayosema "njia ya waenda kwa miguu" imewafungia nje wenye baiskeli, na miaka 20 baadaye, mwenye mali mpya akija na wakili mkali, jiji linajikuta mahakamani kwa neno moja. Hati itaje baiskeli, pamoja na zile zenye mota ya umeme ambazo waandishi wa zamani hawakuziota. Itaje magari ya matengenezo, ya polisi na ya zimamoto, pia haki ya kuweka lami, taa, alama, mifereji na mabomba. Iseme kwamba haki inaifuata ardhi hata ikiuzwa. Na upana uelezwe kwa vipimo vya mpima ardhi, kuanzia kona inayojulikana, kwa pembe na urefu. Nimeona rasimu zinazosema "futi 10 kila upande wa mstari wa kati wa njia itakayojengwa". Mkandarasi akihama kidogo kukwepa mti, haki imehama naye, na hakuna tena anayejua inaishia wapi.

Nunua umiliki kamili pale ambapo kutajengwa kitu kizito, kama daraja, njia ya chini ya barabara, ukuta mrefu au eneo la kuingilia lenye maegesho. Nunua umiliki pia kipande kinapokuwa kimebaki peke yake, hakimfai mwenyewe kwa lolote. Lakini kumbuka kwamba ukimmegea mtu kiwanja unaweza kumwacha na kilicho chini ya ukubwa wa chini wa kisheria, au na jengo lililo karibu mno na mpaka mpya. Haki ya kupita haina shida hiyo, kwa kuwa mpaka haujasogea.

Reli za zamani zina mambo yake. Watu hudhani kampuni ya reli inamiliki kila inchi chini ya mataruma. Mara nyingi sivyo. Hati za karne ya 19 zilitoa ardhi "kwa matumizi ya reli", na reli ikikoma haki inamrudia mwenye ardhi ya jirani. Ndiyo sababu Bunge la Marekani mwaka 1983 liliweka utaratibu wa kuhifadhi njia ya reli: badala ya kuitelekeza, kampuni inaikabidhi kwa jiji au chama kitakachoitumia kama njia ya watu, huku uwezekano wa kurudisha treni ukibaki. Anayepokea anabeba usimamizi, kodi na dhima ya ajali. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliuacha utaratibu huo usimame, ikakubali pia kwamba wenye ardhi wanaweza kuidai serikali ya shirikisho fidia. Kisha mwaka 2014, katika shauri lililotoka Wyoming, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba haki ambayo reli zilipewa na serikali chini ya sheria ya 1875 ilikuwa ya kupita tu, na ikitelekezwa inakwisha. Kwa mtu wa jiji maana yake ni moja: ombi la kuhifadhi liingie kabla kampuni haijakamilisha kuitelekeza njia. Ukichelewa, mlango umefungwa, na utaanza kununua kutoka kwa jirani mmoja mmoja.

Sasa upekuzi wa hati. Agiza mapema, kwa viwanja vyote vya njia hata vile unavyodhani ni vyepesi, kwa sababu kinachochelewesha mara nyingi ni karatasi ya mtu wa tatu. Penye rehani, benki lazima itie saini kukiachilia kile kipande, au ikubali kwamba haki ya jiji itatangulia mbele ya rehani. Bila hivyo, mkopo ukishindwa kulipwa na benki ikiuza mali, haki ya njia inaweza kufutika pamoja na umiliki wa mkopaji. Benki kubwa hujibu ombi la aina hii baada ya wiki nyingi, na dawati linaloshughulikia hujulikana kwa kubahatisha. Mpangaji mwenye mkataba mrefu naye ana haki yake. Bango la matangazo lililosimama kwenye kona lina mkataba wake na mwenye wake. Uzio unaweza kuwa umesimama futi 5 nje ya mpaka wa kwenye hati kwa miaka 30, na jirani akadai ni pake kwa kukaa. Kiwanja cha urithi chenye warithi 11 katika majimbo manne hakiuziki kwa saini ya mjomba aliyebaki kukiangalia, hata kama ndiye analipa kodi. Hapo wakili wa jiji hupeleka shauri mahakamani kuthibitisha umiliki, na hiyo ni kazi ya miezi.

Udongo upimwe kabla ya kununua. Kando ya reli kuna aseniki kutokana na dawa za kuua magugu za zamani, kuna kreosoti, dawa ya kuhifadhi mbao, iliyovuja kwenye mataruma, na kuna majivu ya makaa yaliyotumika kujaza. Nyuma ya karakana kuna mafuta na risasi. Uchunguzi wa awali, unaopitia kumbukumbu, ramani za zamani na kukagua eneo bila kuchimba, ndio unaompa mnunuzi kinga ya kisheria dhidi ya uchafu alioukuta. Una muda wa kuisha: baadhi ya sehemu zake ziwe zimefanywa au kuhuishwa ndani ya siku 180 kabla ya kununua. Majiji hulipia uchunguzi, mazungumzo yanavuta mwaka na nusu, wanatia saini, na hakuna aliyekumbuka kuuhuisha.

Uthamini ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tuuchambue kwa namba za mfano. Chukua kiwanja cha futi 200 kwa 200, yaani futi za mraba 40,000, chenye jengo la maduka. Ardhi yake ni dola 15 kwa futi ya mraba. Jiji linataka ukanda wa futi 20 upande wa nyuma: futi za mraba 4,000, dola 60,000. Mtu wa jiji anaandika hiyo 60,000 kwenye bajeti na kulala.

Ukanda huo ndio safu nzima ya maegesho. Nafasi moja ina upana wa futi 9 hivi, kwa hiyo zimekwenda 22 kati ya 60. Zimebaki 38, na kanuni za jiji hilo hilo zinataka 45 kwa jengo la ukubwa ule. Mwenye mali hawezi tena kumpangisha mtu wa mgahawa. Mthamini mzuri anathamini mali yote kabla, tuseme dola 1,500,000, kisha mali iliyobaki baada, tuseme 1,360,000. Tofauti ni 140,000: ile 60,000 ya ardhi, na 80,000 ya hasara kwa kilichobaki. Lakini kama kupaka upya mistari ya maegesho na kuondoa bustani ndogo ya mbele kutarudisha nafasi 8 kwa dola 35,000, basi hasara inatibika kwa 35,000 na fidia inashuka hadi 95,000. Kuna njia rahisi zaidi: idara ya mipango miji ikubali kwa maandishi kwamba nafasi 38 zinatosha kwa kuwa upungufu umesababishwa na jiji lenyewe. Inashangaza jinsi idara mbili za jengo moja zinavyoweza kushindwa kuandikiana barua hiyo.

Ukanda wa muda hulipwa kama kodi ya pango. Futi 15 kwa 200 ni futi za mraba 3,000. Kwa dola 15 ni 45,000. Kwa kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka, jiji linadaiwa 4,500 kila mwaka linaoushikilia. Kuhusu faida, kwamba njia itapandisha thamani ya maduka, majimbo yana kanuni tofauti juu ya kama na jinsi gani faida hiyo inakatwa kwenye fidia. Usiibebe kwenye mazungumzo kama rungu. Mwenye mali atakuuliza kama uko tayari kuiandika kwenye mkataba.

Senti moja ya shirikisho ikiingia popote kwenye mradi, hata kwenye ujenzi tu, sheria ya mwaka 1970 ya ununuzi wa mali na uhamishaji wa watu inabana hatua zote. Mthamini lazima ampe mwenye mali nafasi ya kufuatana naye wakati wa ukaguzi. Mthamini wa pili anaupitia uthamini. Jiji linaweka kiwango cha fidia, na ofa ya maandishi haiwezi kuwa chini yake. Ile desturi ya kuanza na nusu bei kisha kupanda haina nafasi. Gharama za kusajili na adhabu ya kulipa rehani kabla ya wakati ni za jiji. Anayekaa au kufanya biashara pale hapaswi kuondolewa bila notisi ya maandishi ya angalau siku 90, na kuhamisha mali kunalipwa, hata kama mali yenyewe ni magari mabovu kumi yaliyoegeshwa nyuma ya ghala. Anayetaka kutoa ardhi bure aambiwe kwanza kwamba ana haki ya kulipwa. Ukiiruka hatua hiyo, ukarimu wake unaweza kukugharimu ruzuku.

Mpangilio wa fedha nao una mitego. Gharama zilizofanywa kabla ya ruzuku kuidhinishwa kwa kawaida hazirudishwi, wakati mwenye kiwanja anauza leo, hasubiri ratiba ya mfadhili. Suluhisho ni mkataba wa kushikilia bei: jiji linalipa kiasi kidogo, mwenye mali anaahidi kutomuuzia mwingine kwa miezi 12 au 18. Au shirika la kuhifadhi ardhi linanunua kwanza na kuliuzia jiji baadaye. Na fedha za mfuko wa shirikisho wa ardhi na maji ulioanzishwa mwaka 1965 zina mkia mrefu: ardhi iliyoguswa nazo inabaki ya burudani ya nje daima, na ukiibadilisha matumizi unatafuta nyingine ya thamani isiyopungua kuifidia. Chora mpaka wa ruzuku kwa uangalifu, usije ukafungia ndani mahali ambapo miaka ijayo patahitaji kupanuliwa barabara.

Mezani, bei huwa ya tatu au ya nne kwenye orodha ya mwenye mali. Kwanza anauliza nani atashtakiwa mtu akianguka. Majimbo yana sheria zinazompunguzia dhima mwenye ardhi anayeruhusu umma kupita bila malipo. Nenda na nakala ya sheria ya jimbo lenu, pamoja na kifungu cha jiji kubeba dhima. Kisha faragha na wizi: uzio wa futi 6, miti upande wake, lango lenye ufunguo wake. Hivyo ni vitu rahisi kuliko mwezi mmoja wa wakili, na viandikwe pamoja na nani atavitengeneza vikiharibika. Watu wa ghala huuliza malori yatavukaje; chora kivuko kabla hujaenda.

Kodi pia ina la kutoa. Anayeuza chini ya tishio halisi la kutwaliwa ardhi kwa lazima anaweza, kwa sheria ya kodi ya shirikisho, kuahirisha kodi ya faida akinunua mali nyingine ya aina hiyo, na kwa mali ya biashara au uwekezaji muda ni miaka mitatu baada ya mwisho wa mwaka wa kodi alioipata faida. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji walio tayari kabisa kuuza huomba barua ya jiji inayotishia kuwatwalia ardhi. Barua hiyo iwe ya kweli, yaani jiji liwe na mamlaka hayo na nia hiyo. Anayeuza kwa bei pungufu kwa makusudi anaweza kuhesabu tofauti kama mchango wa hisani kwenye hesabu zake za kodi. Ikizidi dola 5,000 anahitaji uthamini wake mwenyewe unaokidhi masharti ya kodi.

Wakati mwingine kinachosogeza mambo ni haki ya kujenga. Kwa High Line, njia ya reli ya zamani iliyoinuliwa juu ya mitaa huko New York na sasa ni bustani, wenye viwanja vilivyo chini ya reli ile walitaka ibomolewe. Mpango mpya wa matumizi ya ardhi wa mwaka 2005 uliwaruhusu kuuza haki zao za kujenga kwenda viwanja vingine vya mtaa, na upinzani ukapoa. Lakini kumnyang'anya mtu ukanda kama sharti la kibali cha ujenzi kuna mpaka wake. Mji wa Tigard, Oregon, ulimwambia mwenye duka aliyetaka kupanua jengo atoe ardhi ya eneo la mafuriko na ukanda wa futi 15 kwa njia ya miguu na baiskeli. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu iliukatalia: jiji lilipaswa kuonyesha, kwa mahesabu ya kiwanja kile, kwamba kinachodaiwa kinalingana takriban na athari ya ujenzi. Kusema tu kwamba njia "ingeweza" kupunguza magari hakukutosha.

Na kutwaa kwa lazima? Katiba inairuhusu kwa matumizi ya umma na fidia ya haki, ila soma kwanza sheria ya jimbo lako. Wisconsin mwaka 2017 ilipiga marufuku kutwaa ardhi kwa ajili ya njia za burudani, za baiskeli na za waenda kwa miguu. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ililazimika kuamua kama ukingo wa kawaida wa barabara, ule wa kutembea kwa miguu, nao umo kwenye marufuku. Ikasema haumo, na kijiji kilichokuwa kimetwaa ukanda kwa ajili yake kikashinda. Palipo na mamlaka, bado hesabu gharama ya mahakama na ya kura: mwenye kiwanja kimoja anayelia kwenye kikao cha baraza anaweza kuzima maili tatu. Kama njia inaweza kuhamia barabara ya jirani kwa mita 200, ichore hiyo kama chaguo la pili tangu mwanzo, na mwenye mali ajue ipo.

Mkataba ukishatiwa saini, sajili siku hiyo hiyo, weka alama za mpaka za chuma kila kona, na zichukuliwe vipimo kabla mkandarasi hajazifukia. Angalia pia tarehe za ukanda wa muda. Hati nyingi huanza kuhesabu siku ya saini. Zabuni inachelewa, majira ya baridi yanaingia, na tingatinga linafika siku ambayo ruhusa imekwisha wiki sita nyuma. Andika kwamba muda unaanza siku jiji litakapompa mwenye mali notisi ya kuanza kazi, kwa miezi 18, na nyongeza ya miezi 6 kwa bei iliyotajwa humo humo.